Mpira Darasani



Watu wengi wamezoea kusema kwamba mchezo ni kitu cha nje na masomo ni kitu cha ndani. Kengele ikilia, mtoto huuacha mpira mlangoni kama mtu aachavyo viatu vyenye matope. Sisi wenyewe tulilelewa hivyo, na miaka kadhaa tulifundisha hivyo. Leo twataka kuwasimulia jinsi tulivyouingiza mpira darasani hapa Mutoshi, jinsi ulivyotusaidia, na jinsi ulivyokaribia kutupotezea mtoto mmoja. Habari hii ya pili ndiyo iliyotufanya tushike kalamu, maana habari ya faida kila mtu hupenda kuitoa, bali habari ya kosa lake huificha.

Mutoshi ni jirani ya Kolwezi. Wazee huijua kwa jina lake la zamani, Ruwe, wakati Union Minière ilipokuwa ikichimba madini hapo, kabla ya mali yake kuchukuliwa na Serikali mwaka 1967 na baadaye kuwa Gécamines. Katika kambi za wafanyakazi kampuni ilijenga nyumba, shule, hospitali na viwanja vya mpira. Baba alikwenda kazini, mtoto alikwenda shuleni, na siku ya Dominika wote walikutana uwanjani. Katika miaka ya 1990 Gécamines ilipodhoofika, mishahara ilikoma, na mambo yote yakageuka. Watu walianza kuchimba kwa mikono yao, na watoto wakawafuata wakubwa ili kuokota, kuponda na kuosha mawe yenye shaba na kobalti. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009, inayomlinda mtoto katika nchi yetu, yakataza kazi za namna hiyo. Walakini katika mwaka tunaousimulia, wengi wa wanafunzi wetu waliijua njia ya kwenda kuosha mawe kuliko njia ya kwenda shuleni.

Mwezi wa Septemba 2019 Serikali ilianza kutimiza lile neno la Katiba ya 2006, kwamba shule ya msingi ya Serikali ni bure. Ikawa furaha kubwa, na ikawa kazi kubwa pia, kwa sababu watoto waliokaa nyumbani kwa kukosa ada walikuja wote kwa siku moja. Sisi tulikabidhiwa mwaka wa tatu katika mwaka wa masomo 2021–2022. Watoto walikuwa 68. Wengine walikuwa na miaka 8, wengine 11, na benchi la watu watatu lilikaliwa na watano. Ijumaa ndiyo ilikuwa siku mbaya kuliko zote, kwa kuwa wengi walikwenda kutafuta faranga za kununulia unga wa Jumamosi na Dominika. Tulifundisha benchi tupu.

Ndipo tulipokumbuka mambo tuliyosoma seminarini juu ya Don Bosco. Alipokuwa mtoto maskini wa mashambani huko Italia, aliwatazama wanasarakasi sokoni akajifunza michezo yao. Kisha akawakusanya watoto wenzake, akawachezea, na mchezo ulipokwisha aliwarudilia hotuba ya Padri aliyoisikia kanisani. Wana wake, Wasalesiani, walifika Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1911. Nao Wabenedikto wa mji huo huo ndio walioanzisha mwaka 1939 timu iliyoitwa kwanza Mtakatifu Jorji, ambayo leo dunia yote yaijua kwa jina la Mazembe. Wapinzani wake wa mjini, Lupopo, wamebaki na jina la Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wahunzi, na jina hilo lafaa kweli katika nchi ya shaba. Basi tulisema moyoni: ikiwa mapadri wa zamani waliwavuta vijana kwa mpira, mbona sisi tunapigana nao?

Tukaanzisha ligi ya hesabu. Tuliwagawa watoto 68 katika timu nne za watu 17, wavulana na wasichana pamoja. Wenyewe walichagua majina: Mazembe, Lupopo, Simba ya Kolwezi, na Vita ya Kinshasa. Kila Ijumaa timu mbili zilipambana. Mtoto aliitwa ubaoni akapewa hesabu. Akipata, timu yake imefunga bao. Akikosa, bao ni la wapinzani. Tulichora jedwali la ligi kwa chaki ukutani, na tukamweka mtoto mmoja kuwa mwamuzi mwenye filimbi.

Ndugu, mngaliona! Kabla ya mwezi kwisha, Ijumaa ikawa siku ya kujaa. Direkta alikuja mara mbili kuuliza makelele hayo ni ya nini, na mara ya pili alikaa akatazama mpaka mwisho. Sisi tulijisifu. Tuliwaambia walimu wenzetu jambo hili, nao wakaanza kutuiga. Hatukujua kwamba tumejenga nyumba tukasahau nguzo moja.

Palikuwa na mvulana wa miaka 11, ambaye hatutamtaja jina. Alilelewa na nyanya yake, nkambo kama tusemavyo Katanga. Uwanjani hakuna aliyemkamata kwa mbio. Darasani alikaa nyuma kabisa karibu na dirisha. Siku moja timu yake ilikuwa sawa na wapinzani, mabao 2 kwa 2, na hesabu iliyobaki ilikuwa moja. Jina lake likaitwa. Tuliandika ubaoni: 402 kutoa 157. Alisimama na chaki mkononi. Darasa zima lilikuwa likipiga makofi na kuhesabu sekunde. Aliandika 355. Filimbi ikalia, wapinzani wakaruka juu ya mabenchi, na watoto wa timu yake wakamzunguka wakimwita Jiwe. Sisi tulisema tu, “Haya, kimya, tutaendelea Jumatatu.” Tukafuta ubao.

Jumatatu mahali pake dirishani palikuwa patupu. Jumanne vilevile. Jumatano mchana tulifunga safari kumtafuta. Tulimkuta majini pamoja na nkambo wake, suruali imekunjwa mpaka magotini, akitikisa mawe katika chekeche. Nkambo alitupokea kwa heshima, akatupa ndoo iliyopinduliwa tukae. Halafu akasema, “Mwalimu, nilimleta kwenu kwa sababu mlisema shule ni bure. Wenzake wakamwita jiwe. Hapa mawe tunayaosha, hatuyacheki.”

Hatukuwa na jibu. Tulinyamaza, na katika kunyamaza kwetu tukamwona mnunuzi mmoja akija na mizani yake. Mfuko wa nkambo ulipimwa: kilo 35. Mnunuzi alisema atatoa 4 kwa ajili ya maji, na kilo moja ni faranga 300. Kabla hajamaliza kusema, mvulana wetu alijibu bila kuinua macho: “Elfu tisa na mia tatu.” Sisi wenyewe tulihesabu kwa vidole mgongoni ili tusionekane. 35 kutoa 4 ni 31; mara 300 ni 9,300. Alikuwa sawa.

Basi twajua sasa kwamba siku ile ya Ijumaa hatukupima hesabu yake. Tulipima haya yake mbele ya watu 67. Kutoa alijua tangu zamani, maana chakula cha nyumbani kilitegemea kutoa. Alichokuwa hajakijua ni namna ya kuandika kutoa kule, na hasa namna ya kuazima kumi pale penye sifuri, jambo linalowashinda watoto wengi. Tena hakuna mtu aliyemzoeza.

Jioni ile tulipokuwa tukirudi, neno moja lilitujia, na ndilo neno la maandiko haya yote. Tulikuwa tumeleta darasani mechi ya mpira, lakini hatukuleta mazoezi. Fikirini kidogo. Timu yo yote hucheza mechi dakika 90, mara moja kwa juma labda. Siku nyingine zote mchezaji hukimbia, hupiga pasi ileile mara hamsini, hukosa, hucheka, hurudia, wala hakuna aandikaye makosa hayo katika jedwali. Mkufunzi hamtupi kijana mbele ya uwanja uliojaa siku ya kwanza. Sisi tulichukua katika mpira kile kinachoonekana, yaani filimbi, mabao na kelele. Kile kinachomfanya mchezaji kuwa mchezaji tulikiacha nje. Nasi twafikiri walimu wengi wapendao kutumia michezo darasani huanguka katika shimo hilohilo, kwa kuwa kelele za watoto hufanana sana na kujifunza.

Asubuhi iliyofuata tuliwasimulia watoto habari ya mwaka 1974. Mwezi wa Machi, kule Misri, Leopards wa Zaire, ndiyo nchi yetu kwa jina la wakati ule, walitwaa Kombe la Afrika. Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, na manne kati ya hayo aliyafunga katika fainali dhidi ya Zambia, ambayo ilichezwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza walitoka sare 2 kwa 2. Mwezi wa Juni wa mwaka uleule timu ilikwenda Kombe la Dunia huko Ujerumani, ikafungwa 2 na Uskoti, ikafungwa 9 na Yugoslavia, ikafungwa 3 na Brazil. Ndaye naye alikuwamo siku ile ya mabao 9, tena alitolewa nje ya uwanja. Tukawauliza: “Je, mtu aliyefunga mabao 9 mwezi wa Machi alikuwa jiwe mwezi wa Juni?” Wakafikiri. Msichana mmoja akajibu, “Hapana, Mwalimu. Ni mtu yuleyule.” Kisha wakahesabu daftarini: 2 na 9 na 3 ni 14, na mabao ya kufunga ni sifuri. Hatukuongeza hotuba.

Mvulana wetu alirudi siku ya Ijumaa, kwa sababu nkambo alimleta mwenyewe mpaka mlangoni. Alikuta mambo yamebadilika, nasi twawaeleza mabadiliko hayo moja moja, ili mwalimu mwenzetu aweze kuyajaribu.

Kwanza, tangu Jumatatu mpaka Alhamisi ni mazoezi tu. Watoto hukaa vikundi vya watu wanne kuzunguka kibao kidogo. Hesabu hupitishwa kama pasi: wa kwanza hufanya mamoja, wa pili makumi, wa tatu mamia, na wa nne hukagua. Akikosa mmoja, pasi hurudishwa kwake, anarekebisha, mchezo unaendelea. Siku hizo hakuna mabao wala filimbi, na mtu hukosa bila kuandikwa.

Pili, Ijumaa mechi ipo, maana tungeiondoa watoto wangelia. Lakini mtoto haendi ubaoni peke yake. Huenda kikundi kizima na pasi zao. Tena timu hupata bao kwa kushinda alama zake yenyewe za juma lililopita. Hapo tulipata moyo kwa habari ya Nairobi. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, kilichoanzishwa mwaka 1987, hutoa alama za ligi kwa timu inayosafisha mitaa yake, juu ya zile alama za uwanjani. Ukibadilisha kile kinachohesabiwa, watoto nao hubadilisha kile wanachokitafuta. Timu ya Simba, iliyokuwa mkiani, ilipanda kutoka hesabu 6 sahihi mpaka 11, ikapewa bao. Watoto waliipigia makofi timu ya mwisho, jambo ambalo hatujaliona tangu kuanza.

Tatu, kila mtoto ana kazi uwanjani. Yuko mwandishi wa mabao, yuko mtunza saa, yuko mpimaji. Asiyependa kukimbia si mtu wa kukaa kando.

Nne, si mpira peke yake. Tulikuwa tumewasahau wasichana, na wao wenyewe walitukumbusha. Kamba yao ya kuruka yafundisha kuzidisha vizuri kuliko mpira: kila mruko mbili, kisha kila mruko tano, kisha kila mruko kumi, na anayekosea namba hutoka na kushika kamba. Kwa juma moja walijua mara tano wote, na wavulana wakaja kuomba zamu.

Tano, kusoma na kuandika. Jumatatu watoto huandika mistari mitatu juu ya mechi waliyoiona au waliyoisikia redioni: nani alicheza, wapi, ilikuwaje mwisho. Mtoto ambaye hana la kuandika juu ya “nyumba yetu” hujaza ukurasa juu ya mechi ya Lupopo. Na timu zinaposafiri, ramani hufunguliwa: Lubumbashi, Likasi, Fungurume, Kolwezi, karibu kilometa 300 za njia. Miaka ya ubingwa wa Afrika wa Mazembe, yaani 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015, yatosha hesabu za kutoa kwa siku mbili. Waulizeni watoto wenu walingoja miaka mingapi baina ya ubingwa wa pili na wa tatu, muone kama hawatakimbilia kalamu.

Sasa tumalize habari ya mvulana. Kiwanja chetu kilikuwa na milango ya vijiti, mmoja mpana na mwingine mwembamba, na kichuguu kilichosawazishwa nusu. Tukaamua kujenga milango ya kweli kwa miti ya mkaratusi. Tuliwaambia watoto vipimo vya dunia yote: kimo cha mlango ni meta 2 na sentimeta 44. Mvulana wetu ndiye aliyekuwa mpimaji. Tulimpa kamba tuliyoikata kwa kipimo hicho, yaani sentimeta 244, tukamwambia atupimie upana, ambao ni sentimeta 732, ili tujue mahali pa kuchimba shimo la mti wa pili. Alitandaza kamba chini mara moja, akaweka alama kwa kisigino. Mara ya pili, alama. Mara ya tatu kamba ikaishia hasa pale penye alama tuliyoiweka sisi kwa mita ya seremala. Alisimama akaitazama. Halafu akapaza sauti, “Mwalimu, upana ni kimo mara tatu! Haukubaki hata kidole!”

Ni kweli, ndugu. 244 mara 3 ni 732. Tumecheza mpira maisha yetu yote, wala hatukuwahi kuliona jambo hilo mpaka mtoto yule alipolitandaza chini. Akaendelea peke yake. Eneo dogo mbele ya mlango ni sentimeta 550. Alama ya penalti iko sentimeta 1,100. Eneo kubwa laishia sentimeta 1,650. “Ni kamba moja tena, Mwalimu: mara moja, mara mbili, mara tatu.” Siku ile walimzunguka tena, lakini hawakumwita jiwe. Walimwomba kamba.

Majuma mawili baadaye kikundi chake kilipewa ubaoni 402 kutoa 157. Tuliichagua kwa makusudi, na twakiri mikono yetu ilikuwa na jasho. Aliazima kumi pale penye sifuri, akampasia mwenzake. Jibu lilikuwa 245. Mwaka ulipoisha alipanda kwenda mwaka wa nne kwa alama za katikati.

Hatutaki kuwadanganya. Jumamosi nyingi alikwenda tena majini pamoja na nkambo, nasi tulijua, wala hatukuwa na unga wa kumpa. Mpira haupiki bukari. Kazi ya kuwatoa watoto kabisa katika mawe ni ya wenye mamlaka, ya wanunuzi wa madini, ya parokia, na ya sisi sote. Mwalimu mmoja na filimbi hatoshi. Walakini mtoto anapokuwa na sababu ya kuamka Jumatatu akaja shuleni, wakubwa wanakuwa na muda wa kufanya sehemu yao. Mtoto aliyekwisha kutoka shuleni kwa aibu ni vigumu sana kumrudisha, maana njaa huisha akila, bali aibu hukaa.

Basi ninyi wazazi, mtoto akirudi nyumbani akasema leo tulicheza, msimpige. Mwulizeni alihesabu nini. Nanyi walimu wenzetu, ingizeni mchezo darasani bila woga, lakini kabla ya kununua filimbi tazameni yule aliye karibu na dirisha, mkajiulize kama ameshapata mazoezi.

Kamba ile ya sentimeta 244 tumeitundika kando ya ubao. Mwalimu anayetaka kuiazima, na aje. Akiirudisha, atuletee habari za watoto wake.